Mtamba yupi, dume yupi: ulinganisho wa kuchagua ng'ombe wa kuendeleza kundi la maziwa

Ng'ombe wa kukamua na ng'ombe wa kuzalia si lazima awe mmoja. Wa kwanza unamtaka kwa maziwa yake mwenyewe. Akikamuliwa vizuri miaka mitatu minne, kazi uliyomnunulia ameifanya. Wa pili unamtaka kwa kile atakachowaachia mabinti zake, nao wakiachie wajukuu. Mnunuzi akiwachanganya hawa wawili ndipo hasara inapoanzia: anaona kiwele kimejaa, anatoa fedha, wala hajauliza kama ujazo ule umetokana na damu ya ng'ombe au na pumba alizolishwa mwezi huu. Pumba hazirithiwi.

Hapa nitawaweka wawili wawili, ubavu kwa ubavu, kwa sababu mfugaji hachagui ng'ombe bora wa kufikirika. Anachagua kati ya huyu na yule waliopo, kwa malisho aliyonayo na soko alilonalo. Kila ulinganisho nitaupima kwa swali moja: binti atapata nini, na ataishi wapi?

Kinachorithiwa na kisichorithiwa

Sifa hazirithiwi kwa nguvu sawa. Katika kundi linalotunzwa kwa namna moja, karibu nusu ya tofauti ya asilimia ya mafuta kati ya ng'ombe mmoja na mwingine hutokana na vinasaba. Kwa wingi wa maziwa ni kati ya robo na theluthi. Umbo la kiwele linakaribia robo, miguu na kwato ni chini ya hapo, na wepesi wa kushika mimba mara nyingi haufiki hata asilimia 5. Sehemu iliyobaki ni lishe, maradhi, joto, mkono wa mkamuaji na bahati.

Hesabu hizi zinabadilisha namna ya kununua. Ukikuta majike wawili, mmoja maziwa yake yana mafuta mengi na mwingine mepesi, na wote wanakula hori moja, tofauti hiyo iamini. Mabinti wataonyesha sehemu yake kubwa. Lakini ukiambiwa huyu alishika mimba mara ya kwanza alipopandishwa na yule alirudia mara tatu, usikimbilie kusema wa kwanza ana damu ya uzazi. Huenda yule wa pili alikuwa amekonda baada ya kuzaa, au joto lake, yaani hali ya kutaka kupandwa, lilionekana limechelewa. Sifa inayorithiwa kidogo huwezi kuisoma kwa ng'ombe mmoja. Inataka rekodi za mabinti wengi wa baba mmoja, na mabinti wengi kiasi hicho huwa nao madume tu.

Ndiyo maana kati ya jike na dume, uzito wa uchaguzi uko kwa dume. Fuatilia hesabu: jike wako akipandishwa kwa dume wa kwanza, binti ana nusu ya damu ya dume huyo. Binti akipandishwa kwa dume wa pili, mjukuu ana nusu ya wa pili na robo ya wa kwanza. Mjukuu naye akipandishwa kwa dume wa tatu, kitukuu ana nusu ya wa tatu, robo ya wa pili na sehemu moja ya nane ya wa kwanza. Jumlisha: asilimia 87.5 ya damu ya kitukuu imetoka kwa madume watatu. Yule jike uliyeanza naye, uliyemlipia fedha nyingi ukamsifia kwa majirani, amebaki na asilimia 12.5.

Kwa hiyo mwenye fedha kidogo na nia ya kupandisha kiwango cha kundi, ushauri wangu ni huu: nunua majike wa kawaida wenye afya, miguu mizuri na kiwele kizima, kisha nyongeza yote uliyotaka kuitia kwenye jike wa bei ya juu itie kwenye mbegu nzuri za dume kwa miaka kadhaa mfululizo.

Friesian ubavuni mwa Jersey

Swali la aina ya ng'ombe huulizwa kwanza kila mara, ingawa ndani ya aina moja tofauti kati ya ng'ombe mzuri na mbaya ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Hata hivyo aina ndiyo inayoamua ukubwa wa tumbo utakaloshibisha, hivyo tuianze hapo. Viwango vilivyo hapa chini ni vya kawaida kwa ng'ombe waliotunzwa vizuri.

| Aina | Uzito wa jike mzima (kilo) | Mafuta (%) | Sifa inayomtofautisha |
|---|---|---|---|
| Friesian | 550–700 | 3.5–3.9 | Wingi wa maziwa |
| Jersey | 350–450 | karibu 5 | Maziwa mazito, mwili mdogo |
| Ayrshire | 450–600 | karibu 4 | Kiwele kilichoshikana, hodari wa malishoni |
| Guernsey | 450–550 | 4.5–4.9 | Maziwa ya rangi ya manjano |
| Brown Swiss | 600–700 | karibu 4 | Miguu imara, hukomaa taratibu |
| Sahiwal | 300–450 | 4.5–5 | Huvumilia joto na kupe |

Sasa weka Friesian anayetoa kilo 20 kwa siku zenye mafuta ya asilimia 3.6 kando ya Jersey anayetoa kilo 16 zenye mafuta ya asilimia 5. Kwa macho Friesian ameshinda kwa kilo nne. Ipo kanuni ya siku nyingi ya kusawazisha maziwa yawe kama yote yana mafuta ya asilimia 4: zidisha kilo za maziwa kwa 0.4, zidisha kilo za mafuta kwa 15, kisha jumlisha. Friesian ana kilo 0.72 za mafuta, anapata 18.8. Jersey ana kilo 0.8 za mafuta, anapata 18.4. Wamekaribia kulingana, na mmoja ana mwili wa kilo 600 huku mwingine ana 400. Chakula cha kuendesha mwili tu, kabla hata tone moja la maziwa halijatengenezwa, Jersey anahitaji pungufu kwa takriban robo.

Basi nani bora? Mnunuzi wako ndiye anayejibu. Akipima kwa lita bila kuangalia mafuta, Friesian anakulipa, mradi una malisho ya kutosha mwaka mzima. Akilipa kwa mafuta na protini, au ukitengeneza siagi na jibini mwenyewe, Jersey ana hoja nzito sana. Malisho yakiwa haba, Friesian mwenye damu ya lita 30 hageuki kuwa wa lita 15 kwa utulivu. Anachoma akiba ya mwili wake, anakonda, anakawia kurudi kwenye joto, na mwishoni anauzwa akiwa bado kijana. Napenda mfugaji alitafakari hili kuliko jambo lolote jingine katika makala haya, kwa kuwa ndilo linalowafukuza ng'ombe wazuri makundini mapema.

Jersey naye ana mambo yake. Huzaa kwa urahisi, ndama wake akiwa na takriban kilo 25 wakati wa Friesian ana takriban 40, na hukomaa mapema. Lakini homa ya maziwa, yaani upungufu wa ghafla wa kalsiamu wakati wa kuzaa, humpata zaidi, hasa kuanzia uzao wa tatu, kwa hiyo madini anayopewa wiki za mwisho kabla ya kuzaa yasifanyiwe mzaha. Ndama wake dume kwa nyama ni mdogo. Wa Friesian huweza kunenepeshwa na kukuletea kitu.

Ayrshire huachwa pembeni bila haki. Kwa anayechunga ng'ombe wake badala ya kuwafungia bandani, na asiyetaka maziwa mepesi wala mwili mdogo, ndiye ningemwangalia kwanza. Guernsey anafaa pale wanunuzi wanapopenda maziwa ya manjano. Rangi hiyo hutokana na karotini nyingi inayopita kwenye maziwa. Brown Swiss ni wa mwenye subira, na protini yake humfurahisha mtengeneza jibini.

Damu safi au chotara

Penye jua kali, kupe wengi na malisho yanayokauka, ulinganisho wa maana ni kati ya ng'ombe wa maziwa wa damu safi na chotara wake na aina iliyozoea mazingira hayo, kama Sahiwal. Chotara wa uzao wa kwanza, nusu kwa nusu, hupata nguvu ya uchotara kamili: hukua vizuri, hushika mimba kwa urahisi zaidi na huishi muda mrefu kuliko wastani wa wazazi wake. Ndiyo sababu anayemwona chotara wa kwanza akifanya vizuri hutamani kuwapandisha chotara kwa chotara. Hapo ndipo huanguka. Chotara akizaa na chotara mwenzake wa aina ileile, nguvu ile inabaki nusu, na ndama hutoka wakitofautiana mno: mmoja ana kiwele, mwingine ana nundu na ukali wa bibi yake.

Njia mbili zinashika. Ya kwanza ni kupokezana madume wa aina mbili, kizazi hiki kwa dume wa aina moja na kinachofuata kwa dume wa aina nyingine. Kundi likitulia hubaki na theluthi mbili za nguvu ya uchotara. Ukipokezana aina tatu unabaki na takriban asilimia 86. Njia hii inadai uandike baba wa kila ng'ombe bila kukosa, la sivyo baada ya vizazi viwili hujui zamu ni ya nani. Ya pili ni kuendelea kupandisha kwa damu ya maziwa huku ukipanda pia kwa matunzo: kivuli, maji muda wote, kuogesha dhidi ya kupe, malisho yaliyohifadhiwa. Damu ikitangulia matunzo, utawazika. Sahiwal na jamaa zake wana jambo jingine la kujua mapema: wengi hawaachii maziwa mpaka ndama awe karibu, na chotara wao wengine huirithi tabia hiyo.

Rekodi mbili mezani

Tuseme umepata majike wawili wa aina moja wenye kumbukumbu. Wa kwanza alitoa kilo 4,600 tangu kuzaa hadi kukaushwa, na kutoka uzao hadi uzao alichukua siku 520. Wa pili alitoa 4,000, lakini alizaa tena baada ya siku 385. Wauzaji wote watakutajia 4,600. Gawanya: wa kwanza ametoa kilo 8.8 kwa kila siku ya maisha yake kati ya uzao na uzao, wa pili 10.4, tena wa pili amekupa ndama mapema zaidi. Ukiwalinganisha majike, daima gawanya maziwa kwa siku za uzao hadi uzao, wala usigawanye kwa siku za kukamuliwa pekee.

Kosa la pili ni kulinganisha umri tofauti. Jike wa uzao wa kwanza hutoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya atakachotoa akikomaa. Akiwepo wa uzao wa kwanza anayetoa lita 15 kwenye kilele chake, na wa uzao wa nne anayetoa 18 kwenye kilele, huyu mdogo ndiye mwenye damu: akikomaa atakaribia 19 au 20. Linganisha pia siku za kukamuliwa. Kilele huja wiki ya sita hadi ya nane baada ya kuzaa, kisha maziwa hushuka polepole. Ng'ombe wa mwezi wa pili hashindanishwi na wa mwezi wa nane.

Na pale ambapo hakuna rekodi kabisa? Lita za siku ya kilele, asubuhi na jioni pamoja, zikizidishwa kwa 200 hukupa makisio ya maziwa ya siku 305, kipindi cha kawaida cha kukamuliwa. Ni makisio, lakini yanamshinda muuzaji anayesema "huyu anatoa vizuri". Omba ukamue mwenyewe jioni na kesho yake asubuhi, kiwele kikiwa kimekamuliwa chote mbele yako kabla hujaanza kuhesabu. Kiwele kilichoachwa bila kukamuliwa siku nzima kitakudanganya.

Macho yanachokiona na yanachodanganywa nacho

Rekodi ikikosekana, umbo lina ushahidi wake, nami nakipa kiwele nafasi ya kwanza. Simama nyuma ya jike. Unatafuta mfereji ulio wazi katikati ya kiwele, alama ya kano ya kati inayokibeba. Ikilegea, kiwele hushuka kila uzao. Sakafu ya kiwele iwe juu ya goti la nyuma. Chuchu ziwe chini ya kila robo ya kiwele zikielekea chini, si zimechanua nje, na urefu wa sentimita 5 hadi 6 unatosha. Ndefu mno hukanyagwa, fupi mno huchosha mkono na mashine. Kando ya kiwele kilichokaa hivi weka kile kikubwa, kinene, kinachoning'inia. Wengi huchagua hicho kikubwa. Kikamue chote ukipapase: kiwele cha maziwa hunywea na ngozi yake hulegea, cha nyama hubaki vilevile.

Miguu ifuate. Mtazame akitembea juu ya ardhi ngumu, siyo amesimama. Mguu wa nyuma ukitazamwa ubavuni uwe na mkunjo wa wastani. Ulionyooka kama nguzo huchosha viungo, uliokunjika sana huweka uzito kisiginoni. Kwato ziwe na pembe ya karibu nyuzi 45 na kisigino kilichoinuka. Ng'ombe anayechechemea hafiki horini, na asiyefika horini hatoi maziwa wala haonyeshi joto.

Nyonga iwe pana, na mifupa ya makalio iwe chini kidogo ya mifupa ya nyonga. Ikiinuka juu, uchafu wa uzazi hautoki vizuri baada ya kuzaa. Kifua kipana na mbavu zilizoachana zikielekea nyuma ni nafasi ya moyo, mapafu na tumbo.

Yapo yanayosifiwa sana na hayana uzito huo. Mshipa mnene wa maziwa chini ya tumbo huonekana kwa ng'ombe wengi wazima, wazuri na wa kawaida. Mpangilio wa mabaka na umbo la pembe havikamuliki. Unene nao huwadanganya wengi: jike aliyenona sana katikati ya kipindi cha kukamuliwa anapeleka chakula mgongoni badala ya kwenye ndoo. Kwa kipimo cha hali ya mwili cha 1 hadi 5, mwenye 3 hadi 3.5 wakati wa kuzaa yuko pazuri.

Mtamba wa kununua au wa kulea

Mtamba, yaani jike ambaye hajazaa, akiwa na mimba ana mvuto wake: miezi michache unakamua. Lakini unanunua kitu ambacho hakijawahi kukamuliwa, hivyo ushahidi wote uko kwa mama yake na baba yake. Nenda ukamwone mama. Kama mama "aliuzwa zamani", na baba hajulikani, bei ya mtamba iwe ya ng'ombe asiyejulikana. Uliza pia amepandishwa kwa mbegu gani. Mtamba mdogo aliyebeba ndama wa dume mkubwa ni hatari ya kuzaa kwa shida.

Ndama jike uliyemlea mwenyewe anakuchukua miaka miwili, ila unajua dang'a alikunywa saa ngapi, nimonia alipata au hakupata, na mama yake alitoa nini. Lengo linaloeleweka ni kuzaa mara ya kwanza akiwa na miezi 24 hivi. Kumpandisha kusifuate umri peke yake: awe amefika asilimia 55 hadi 65 ya uzito wa jike mzima wa aina yake. Jike mzima wa Friesian akiwa wa kilo 600, basi mtamba apandishwe akiwa na kilo 330 hadi 390. Mitamba miwili ya miezi 15, mmoja kilo 350 na mwingine 250, si sawa hata kama mama yao ni mmoja. Yule mdogo aidha aliugua au alinyimwa, na atabaki nyuma.

Onyo moja kuhusu pacha. Ndama jike aliyezaliwa pacha na dume ni tasa kwa zaidi ya asilimia 90 ya visa, kwa kuwa damu zao zilichanganyika tumboni na viungo vyake vya uzazi havikukua. Kwa nje ni mtamba mzuri kama wengine. Uliza alizaliwa peke yake au na nani, kisha daktari wa mifugo ampime.

Dume bandani au mrija wa mbegu

Dume hai ana faida moja ambayo sitaidharau: haoni usingizi. Joto la ng'ombe hurudi kila baada ya siku 18 hadi 24, na muda wa jike kusimama akubali kupandwa ni saa chache, mara nyingi usiku. Dume hulikuta. Kwenye kundi linalochungwa mbali, ambako mhimilishaji, yaani mtu anayepandisha kwa mrija, hufika kesho yake, dume hai atakupa mimba nyingi zaidi.

Upande wa pili wa mizani ni mzito. Dume mmoja anahudumia majike 20 hadi 30, na anakula mwaka mzima. Dume mzima wa Friesian anaweza kufika kilo 1,000, na madume wa aina za maziwa wanajulikana kwa ukali wa ghafla. Aliyelelewa kwa mkono na kuzoea watu ndiye huwahadaa zaidi walezi wake. Dume anaweza kubeba trikomonasi na vibrio, magonjwa yanayoambukizwa kwa kupandana, bila dalili yoyote mwilini mwake, huku majike wakirudia joto bila sababu inayoonekana. Dume wa kuazimana kati ya makundi ndiye msambazaji mkuu wa haya. Baada ya miaka miwili mabinti zake wenyewe wako tayari kupandwa, na baba akimpanda binti, ndama hupata asilimia 25 ya uzazi wa ndani: hukua polepole na maradhi yaliyojificha hujitokeza.

Ukiamua kuwa na dume, mpime kabla. Mzingo wa korodani uwe angalau sentimita 30 akiwa na miezi 12 hadi 15, na 34 akipita miaka miwili. Mbegu zake zipimwe, apimwe ugonjwa wa kutupa mimba, na mama yake awe na rekodi unazozitaka kwa mabinti zako.

Mrija unakuletea dume ambaye usingeweza kumnunua, bila maradhi yake wala pembe zake. Mbegu hukaa ndani ya naitrojeni ya maji kwenye nyuzijoto 196 chini ya sifuri na hudumu miaka mingi. Lakini mrija una masharti. Lazima kuwe na mtu anayetazama joto asubuhi mapema na jioni. Aliyesimama kupandwa asubuhi ahimilishwe jioni. Aliyeonekana jioni ahimilishwe asubuhi yake. Mbegu iyeyushwe kwenye maji ya nyuzijoto 35 hadi 37, na mtungi uwe umejazwa naitrojeni wakati wote. Mrija wa dume mashuhuri uliokaa kwenye mtungi uliokauka ni bure.

Nikiwekwa kuchagua: penye mhimilishaji wa kuaminika anayefika siku ileile, mrija, bila kusita. Asipokuwepo, dume aliyepimwa, anayebadilishwa kabla mabinti zake hawajakomaa.

Mrija upi

Katika orodha za madume utakuta makundi mawili. Wapo waliothibitishwa na mabinti: mabinti zao wamekamuliwa, na uhakika wa namba zao, yaani makadirio ya wanachorithisha, hupita asilimia 90. Wapo vijana waliopimwa kwa vinasaba, njia iliyoanza kutumika rasmi Marekani mwaka 2009. Uhakika wao ni karibu asilimia 70, lakini kwa wastani damu yao ni mpya na ya juu zaidi. Anayependa kijana asiweke kundi lote kwa mmoja. Wanne au watano waliogawanyiwa majike ni salama kuliko mmoja anayeongoza orodha, maana namba za kijana mmoja zinaweza kushuka mabinti wakianza kukamuliwa.

Namba kubwa nazo zina upande wake wa pili. Pawnee Farm Arlinda Chief, dume wa Holstein (jamaa wa Friesian) aliyezaliwa Marekani mwaka 1962, aliacha mabinti 16,000 na damu yake ikaenea duniani kote kwa sababu waliinua maziwa kwelikweli. Alibeba pia kasoro moja kwenye kinasaba kiitwacho APAF1. Kijusi kikiipata kutoka pande zote mbili hufa tumboni, na watafiti wamekadiria kuwa kasoro hiyo imeua zaidi ya mimba 500,000. Ilikuja kutambuliwa miongo kadhaa baada ya yeye kufa. Leo kasoro hiyo hupimwa, na orodha huonyesha dume anayeibeba. Kwa hiyo kando ya jina la kila jike andika baba yake na baba wa mama yake, kisha usimpe mrija wa dume yeyote anayekutana nao kwa karibu, wala dume mwenye kasoro ileile aliyonayo baba yake.

Mwisho, mbegu ya kawaida au iliyochaguliwa jinsia? Mbegu ya ndama jike ina vinasaba vizito kwa karibu asilimia 4 kuliko ya dume, na mashine huzitenganisha kwa tofauti hiyo. Majike hufika takriban 90 kwa 100. Huwa chache ndani ya mrija na zimepitia misukosuko, hivyo hushika mimba kidogo kuliko za kawaida. Mpe mtamba mwenye afya aliyeonyesha joto wazi, usimpe jike anayerudia.

Chukua mfano wa kundi la majike 20 linaloondoa watano kila mwaka. Kwa mbegu ya kawaida utapata ndama 17 hivi, majike wanane, na mmoja wawili watapotea kabla ya kuzaa. Umebakiwa na sita au saba wa kujaza nafasi tano, wakiwemo mabinti wa majike wako dhaifu. Hapo uchaguzi haupo, unajaza tu. Mbegu ya majike ikitumika kwa kumi walio bora, na ikashika kwa wanane, saba kati ya ndama hao watakuwa majike, wote kutoka juu ya orodha. Kumi wa chini wapandishe kwa dume wa nyama anayezalisha ndama wadogo, ndama wao wauzwe, na jina la mama zao lisiingie tena kwenye daftari la mitamba.